Asumini haimngoji mgeni rasmi

Asumini inayochumwa saa 10 alasiri, ingali tumba jeupe lililofumba, hufunguka baada ya magharibi na kunukia usiku kucha. Asubuhi yake, jua likishapanda, kingo za ua zinaanza kugeuka rangi ya chai. Bibi yeyote anayetunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua na majani yanayonukia, awe mjini Unguja au Chake Chake, analijua hilo tangu utoto. Ratiba za mashindano ya vijana, hata hivyo, hazipangwi na mabibi. Meza zipambwe saa 2 asubuhi, mgeni rasmi aingie saa 5 akijaaliwa kuwahi, zifuate dua, risala, ngoma na hotuba, kisha majaji wapite saa 8 mchana. Kufikia saa hiyo kinachopimwa ni ua la nani limechelewa kufa. Kazi ya mkono wa kijana haionekani tena.

Yaliyomo humu ni kwa walimu wa vituo vya amali, maafisa kilimo wa wilaya, kamati za maonesho ya Nane Nane pale Kizimbani, na zaidi kwa kijana anayetaka kushindana katika maua, vitalu au bustani. Visiwa hivi havijawahi kukosa mikono. Tunachokosa ni mashindano yanayoanza na saa ya mmea na karatasi ya alama, halafu ndiyo yafikirie turubai na viti.

Tuanze na karatasi, kwani ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Mashindano makubwa ya dunia ya ufundi kwa vijana ni WorldSkills. Yalipofanyika kimataifa kwa mara ya kwanza, Madrid mwaka 1950, yalikuwa na washindani 24 tu: Wahispania 12 na Wareno 12. Yale ya Lyon mwaka 2024 yalikuwa na fani karibu 60, zikiwemo upambaji wa maua na ujenzi wa bustani. Fani nyingi, hizi mbili zikiwemo, zina kikomo cha umri wa miaka 22. Kwenye maua anashindana mtu mmoja mmoja, kwenye bustani wanashindana wawili wawili, na kazi huchukua siku nne. Mpambaji hupewa kazi kadhaa tofauti, za arusi, za mezani, za mmea uliomo kwenye chungu, na nyingine haambiwi mpaka siku yenyewe.

Alama zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kupima: shina limefika majini au halijafika, kazi imemalizika ndani ya muda au haikumalizika, ukuta umesimama wima au umelala. Hapo hakuna ubishi, rula na pima maji vinasema. Ya pili ni ya kutathmini, na hutolewa kuanzia 0 hadi 3. Sifuri maana yake kazi iko chini ya kiwango cha soko, 1 imefikia kiwango, 2 imekipita kwa sehemu, na 3 ni bora kabisa. Majaji watatu huinua kadi kwa pamoja, na wakipishana kwa zaidi ya alama moja wanalazimika kujadiliana mpaka wakaribiane. Kitu hiki hakihitaji umeme wala kompyuta. Kadi nne za boksi kwa kila jaji zinatosha, na shehia yoyote inaweza kukifanya kesho.

Chelsea, maonesho ya maua ya London yaliyoanza pale mwaka 1913, wana mwendo mwingine ambao kwa wanaoanza naupenda zaidi. Bustani haishindanishwi na jirani yake. Inapimwa kwa kiwango kilichoandikwa, na inapata dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha au shaba kulingana na ilipofika. Bustani tano zikifikia dhahabu, zote tano zinapewa. Hakuna iliyofika, hakuna inayopewa. Kwa skuli zetu, ambako mshindani wa pili hurudi nyumbani mikono mitupu akijiona hana lake, utaratibu huu una haki zaidi.

Vijana wetu wala si wageni wa mambo haya. Aliyesimama kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani anajua fika kwamba sauti nzuri haimwokoi aliyekosea tajwidi. Kosa linahesabiwa, alama inakatwa, na kila aliyekaa msikitini anajua imekatwa kwa nini. Mashindano ya maua yakiendeshwa kwa uwazi kama ule, malalamiko ya kwamba fulani kapewa kwa kuwa ni mtoto wa fulani yatapungua yenyewe.

Kwa kazi ya maua, alama 100 zinaweza kugawanywa hivi: ufundi 30, mpangilio 25, rangi 25, wazo 20. Ufundi uwe juu kwa makusudi. Ukiweka wazo juu, kila mtu ataleta dhana tukufu kwenye kopo linalovuja. Na umri upangwe makundi mawili, miaka 15 hadi 18 na miaka 19 hadi 25. Najua kijana katika makaratasi ya serikali ni mpaka miaka 35, lakini mtu wa miaka 33 anayepamba harusi kila wiki hashindani na mwanafunzi wa kituo cha amali cha Vitongoji, Pemba, anamfunika.

Sasa ndoo. Wengi wanaopoteza mashindano ya maua wameshapoteza tangu jana yake, kwenye ndoo, na wakiwa mezani hawajui kilichowapata. Ua lililokatwa linakufa kwa kiu likiwa limesimama ndani ya maji. Sababu ni mbili: hewa inayoingia kwenye mirija ya shina dakika lile linapokatwa, na bakteria wanaozaana majini na kuiziba mirija ile ile. Joto nalo linaongeza mwendo, kwa kuwa kila nyuzi 10 zinapopanda ua linapumua mara mbili hadi tatu zaidi na kumaliza akiba yake.

Kwa hiyo ndoo ioshwe kwa sabuni na jiki siku moja kabla, isuuzwe, ikauke. Maji yawe ya mvua au ya mfereji. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na waridi lililotiwa maji ya chumvi huinamisha kichwa mapema. Kwa kila lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari, vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau yaliyochujwa, na nusu kijiko cha chai cha jiki. Sukari ni chakula cha ua, limau linashusha pH ili maji yapande vizuri shinani, jiki inazuia bakteria. Tia kimoja kimoja ndani ya maji mengi. Usichanganye jiki na limau vitupu, bila maji, kwenye kikombe, hutoa gesi inayowasha macho na kifua. Kuna wanaotia sukari peke yake. Hao wanawaandalia bakteria karamu.

Shina likatwe kwa kisu kikali, mshazari wa nyuzi 45, sentimita 2 hadi 3 kutoka mwisho, likiwa limezamishwa kwenye beseni la maji. Mkasi butu wa karatasi unaponda mirija. Majani yote yatakayokuwa chini ya maji yaondolewe, jani moja lililosahauliwa linaozesha ndoo nzima kufikia asubuhi. Maua yakae kivulini saa nne kwa uchache, bora usiku kucha, kabla ya kuguswa tena.

Na si maua yote yanatendewa sawa. Mawaridi yanayoletwa kutoka bara yanapenda baridi ya nyuzi 2 hadi 5. Helikonia, anthuria na tangawizi nyekundu ya maua, zile zinazoota vizuri kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi, huungua zikiwekwa chini ya nyuzi 12 au 13. Baada ya siku moja zinatoka madoa meusi kama zimechomwa. Kuyaweka yote kwenye friji moja ya hoteli, kwa kuwa friji ipo, ni kuua kundi moja ili kuokoa jingine. Helikonia tena hainywi sana kwa shina. Izamishe yote ndani ya pipa la maji dakika 20, ichomoe, itikise, iweke kivulini. Franjipani ina utomvu mweupe unaochafua maji ya wenzake, iachwe itoe utomvu kwenye ndoo yake peke yake nusu saa. Haibiskasi usiilete kabisa kwa kazi itakayopimwa jioni, ua moja linaishi siku moja na linafumba likiwa mbele ya jaji.

Jambo moja linalowatesa washindani wa Nane Nane bila kujijua ni majirani. Meza ya maua hupangwa karibu na meza ya matunda kwa sababu zote ni za kilimo cha bustani. Embe na ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, isiyoonekana wala kunuka, na gesi hiyo ndiyo inayoambia ua kwamba muda wake umekwisha. Bogenvilia inapukutika, okidi inasinyaa, maua ya kanesheni yanalala. Moshi wa jenereta una gesi hiyo hiyo. Mita 10 za nafasi na upepo unaopita zinatosha kumwokoa mtu, ila zinahitaji mpangaji wa uwanja ambaye ameambiwa.

Kazi ya kwanza inayofaa kila mashindano ni shada la mkononi, kwa kuwa haina pa kujificha. Mshindani apewe mashina 25 ya aina tano, dakika 40, na kamba ya miyaa iliyolowekwa. Anashika shina la kwanza wima kwa mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. La pili linawekwa mbele yake limelala kidogo, kichwa kikielekea kushoto na mkia kulia. La tatu vivyo hivyo. Baada ya kila mashina matatu au manne shada linazungushwa robo mzunguko mkononi, upande ule ule kila mara. Mashina yote yakilala upande mmoja, chini yanatawanyika kama miguu ya kigoda na juu maua yanapata nafasi ya kupumua. Shina moja likiingizwa kinyume linawabana wenzake. Ukilivuta kulirekebisha linakatika, na mara nyingi linalokatika ni lile zuri.

Fundo lifungwe pale pembamba kabisa, mizunguko mitatu tu ya miyaa. Mizunguko kumi ni dalili kwamba mshindani haamini mkono wake. Chini ya fundo pasiwe na jani hata moja. Mashina yakatwe sawa, shada lisimamishwe mezani bila chombo. Likisimama sekunde 10, alama ya kupima imepatikana, likianguka, imekwenda. Halafu jaji analiinua na kulitikisa mara moja. Wanaolalamika kwamba hilo ni ukatili wamesahau bibi harusi anashuka kwenye gari na kupanda ngazi.

Kwa kazi za kwenye chombo, sponji ya kijani ya kuchomekea mashina bado inatumika sana, na kosa lake ni lile lile kila pahali. Kijana ana haraka, anaisukuma ndani ya maji kwa mkono. Nje inalowa, katikati inabaki na bonge la hewa kavu, na mashina marefu yanayofika katikati yanakufa yakiwa yamezungukwa na maji. Iwekwe juu ya maji iachwe izame yenyewe, dakika moja hadi mbili. Shina lililoingizwa lisichomolewe na kurudishwa kwenye tundu lile lile, kwani linaacha uwazi chini yake.

Lakini mimi ningeifuta sponji kwenye kanuni za hapa. Inamomonyoka kuwa chembechembe za plastiki zisizooza, na maonesho ya Chelsea yenyewe hayairuhusu tangu mwaka 2021. Sisi tuna mgomba. Kipande cha gogo la mgomba cha sentimita 30, kilichokatwa asubuhi hiyo, kinashika mashina vizuri na kimejaa maji yake. Kinapasuliwa kwa urefu ili kikae bila kubingirika, matundu yanatobolewa kwa kijiti chenye ncha kabla ya kuingiza mashina laini. Tahadhari ni moja: utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa unaacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Kikaushwe kwa gazeti sehemu zilizokatwa, kiwekwe juu ya jani la mgomba au sinia, na nguo nyeupe ya meza ikae mbali. Waya wa kuku uliokunjwa kama mpira ndani ya bakuli nao unafanya kazi, na unatumika miaka.

Hapo ndipo tungekuwa na kazi ambayo hakuna mwingine duniani anaweza kutuwekea kanuni: koja la asumini na kikuba. Ajabu ni kwamba kwenye mashindano mengi vitu hivi huwekwa kwenye banda la utamaduni, vitazamwe, huku vijana wakishindanishwa kwa mawaridi ya bara kwenye vyombo vya plastiki. Kutunga ni ufundi unaopimika kabisa. Washindani wapewe matumba waliyochumiwa kwa pamoja kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, sindano, uzi wa pamba mweupe, na saa moja kutoa koja la sentimita 50. Kazi ianze saa 10 na nusu, majaji wapite baada ya sala ya magharibi, matumba yakiwa yanafunguka.

Nini kinaangaliwa? Sindano ipite kwenye shingo ya ua. Ikipita kwenye petali ua linachanika linapofunguka. Matumba yawe ya umri mmoja. Tumba la kijani halitafunguka usiku huo, na lililokwisha kuanza kufunguka litakuwa kahawia kabla ya wenzake, kwa hiyo koja lenye mchanganyiko linaonekana na mabaka. Nafasi kati ya ua na ua iwe sawa, uzi usionekane koja likining'inizwa. Alama za vidole nazo zinaonekana: asumini iliyobanwa inatoka doa la kahawia ndani ya saa moja, na ndiyo sababu wenye mazoea huishika chini, kwenye mrija. Wakati wa kusubiri, matumba yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba. Kuyazamisha majini kunayaozesha na kuyapunguzia harufu.

Kikuba ni kigumu zaidi kwa jaji, kwani harufu ni sehemu ya kazi. Rihani, mkadi, kilua, langilangi, asumini: kila kimoja kina nguvu yake, na kijana asiyejua huweka langilangi nyingi mpaka vingine vyote vinanyamaza. Langilangi lichaguliwe lililogeuka manjano na lenye wekundu kidogo katikati kwenye kitako. La kijani bado halijafika. Wakulima wa Pemba wanaolichuma kwa ajili ya mafuta hulichuma alfajiri kwa sababu jua likipanda harufu inapungua, na mshindani afanye hivyo hivyo. Majaji wa kikuba wawe watatu, na angalau wawili wawe akina mama wanaouza vikuba sokoni. Hawahitaji cheti. Mwenye cheti atakayewafundisha hao kunusa bado hajazaliwa.

Upande wa vitalu, shindano lenye maana kubwa kwa mfuko wa kijana ni kubebesha miche ya miembe, yaani kuunganisha kijiti cha mwembe mzuri juu ya shina la mwembe mwingine. Mche wa boribo uliobebeshwa unauzika mwaka mzima, na kazi yenyewe inamtenga haraka mwenye mkono na asiye nao. Kila mshindani apewe miche 10 ya mwembe wa kienyeji yenye unene wa penseli, vikonyo 10 vya boribo, yaani vijiti vya ncha za matawi ya mwembe wa aina hiyo, kisu, ukanda wa nailoni, na saa moja. Vikonyo viwe na urefu wa sentimita 10 hadi 12, unene sawa na shina, na ncha iliyovimba lakini haijachipua. Majani yake yawe yameondolewa kwenye mti mama siku 7 hadi 10 kabla, ili tumba la ncha lijae. Hili likisahauliwa na waandaaji, shindano zima limeharibika kabla ya kuanza.

Shina linakatwa sentimita 15 hadi 20 kutoka udongoni, linapasuliwa katikati sentimita 3. Kikonyo kinachongwa pande mbili kuwa kabari ya urefu huo huo, kwa mkato mmoja kila upande. Mkato wa pili na wa tatu unaacha mawimbi, na kwenye mawimbi kuna hewa. Kabari inaingizwa mpaka utando wa kijani ulio chini ya gome ukutane na wa shina, angalau upande mmoja. Wengi hulinganisha gome kwa gome, na hapo ndipo wanapokosea: gome la shina ni nene kuliko la kikonyo, hivyo nje zikiwa sawa ndani zimepishana. Ukanda unafungwa kuanzia chini kwenda juu, umevutwa, ili maji ya mvua yasiingie. Kisu kinafutwa kwa spiriti baada ya kila mche. Sehemu iliyochongwa haiguswi kwa kidole, na wala haiwekwi mdomoni, mtindo ambao nimeshuhudia kwa mafundi wa muda mrefu na ambao matokeo yake huitwa bahati mbaya.

Alama zigawanywe nusu kwa nusu. Nusu ya kazi inapimwa siku ile: usafi wa mkato, mfungo, muda. Nusu nyingine inasubiri miche ihesabiwe. Mwembe huanza kuchipua wiki ya tatu au ya nne, lakini kikonyo kinaweza kutoa majani kwa akiba yake kisha kikafa, kwa hiyo hesabu ifanywe siku ya 40. Kazi ikifanyika tarehe 28 Juni, masika yamekwisha, na siku ya 40 inaangukia tarehe 7 Agosti, mkesha wa Nane Nane. Miche yote ikae kitalu kimoja chenye kivuli nusu, imeandikwa namba bila majina, imwagiliwe na mtu mmoja asiye na mshindani wake humo. Kijana asiambiwe aende nayo nyumbani, msije mkalaumiana.

Bustani nitazigusa kwa ufupi, ila kuna jambo la ardhi ambalo majaji kutoka nje hawalijui. Paje, Makunduchi, Micheweni, sehemu hizo za uwanda ni mawe ya matumbawe yenye udongo mdogo juu yake. Ardhi ile ina chokaa nyingi, na chokaa inazuia mizizi isichukue madini ya chuma. Iksora au mlimau ukipandwa pale, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Anayeshindana asikimbilie mbolea ya chumvichumvi, haisaidii. Shimo lichimbwe sentimita 50 kila upande, lijazwe udongo mwekundu na mboji nusu kwa nusu, na unga wa mawe uliotokana na kuchimba uondolewe kabisa pale pale. Au achague mimea iliyozoea: mkadi, bogenvilia, waridi la jangwani. Mpango mzuri wa bustani ya uwanda hauanzi na mmea unaotaka kulazimishwa.

Katika ujenzi, pembe inapatikana kwa uzi: pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili lazima ipatikane 100. Isipopatikana, pembe si mraba hata kama jicho linasema ni sawa. Usawa unapimwa kwa mpira wa maji ung'avu. Mapovu yatolewe kwanza, maana povu moja linakudanganya sentimita nzima. Sakafu ya mawe iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Mmea upandwe kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye mfuko, na mfuko utolewe. Bado wapo wanaopanda na nailoni yake. Jaji anavuta mmea kwa vidole viwili. Ukinyanyuka, alama haipo.

Washindani kutoka Pemba wana adhabu yao ya ziada, meli. Maua yakisafirishwa kutoka Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, yafungwe kwenye maboksi yenye matundu, mashina yakiwa yamezungushiwa gazeti bichi na nailoni chini tu. Nailoni ikifunika vichwa, joto na unyevu vinaleta ukungu kabla hamjafika. Yasiwekwe sitaha ya wazi, upepo wa chumvi unayakausha. Wakifika, wapewe saa nne za ndoo kabla ya kuanza, na saa hizo ziandikwe kwenye kanuni, zisiwe hisani ya mtu wa mlangoni. Njia bora zaidi ni mchujo kufanyika Pemba, kwa maua ya Pemba na majaji waliovuka wao.

Kuhusu zawadi, cheti kikubwa cha fremu na bahasha ya fedha vinapigwa picha na kusahauliwa. Mshindi wa kubebesha apewe kisu kizuri cha kubebeshea, mkasi wa kupogolea wenye spea, mita 20 za neti ya kivuli na miche 100 ya kubebesha. Mshindi wa maua apewe miezi mitatu ya kazi yenye malipo kwenye hoteli moja, mkataba uwe umeshasainiwa kabla ya shindano, jina tu ndilo liachwe wazi. Hoteli haifanyi sadaka hapo, inapata mpambaji aliyepimwa mbele ya watu. Na karatasi za alama, zote, za mshindi na wa mwisho, zibandikwe ukutani jioni ile ile kila mmoja aone alikatwa wapi. Mgeni rasmi akabidhi zawadi wakati wowote atakaofika; majaji wawe wameshamaliza.